Shaba ya Musa na Neno la Yohana

Somo: Hesabu 21:4–9, 2 Wafalme 18:4, Yohana 3:14–15

Kipande kimoja cha shaba kinakutana nasi katika nyakati tatu za Biblia, na kila mara kinapata hukumu tofauti. Jangwani, watu wakiumwa na nyoka na kufa, Mungu mwenyewe anamwagiza Musa atengeneze nyoka na kumtundika juu ya mti. Aliyeumwa akimtazama, anapona. Karne kadhaa baadaye mfalme Hezekia anamkuta nyoka yule yule akifukiziwa uvumba, naye anamvunja vipande vipande. Kisha Yesu, akizungumza na Nikodemo usiku, anamrudia nyoka huyo na kusema kwamba Mwana wa Adamu naye hana budi kuinuliwa vivyo hivyo. Anayetaka kujua kama picha na maneno yanaweza kutufikishia ukweli juu ya Mungu azisome sehemu hizi tatu pamoja, maana ukishika ya kwanza peke yake utaiamini shaba, na ukishika ya pili peke yake utaiogopa.

Wapo wanaosema hatari iko kwenye picha tu, maneno ni salama. Wana andiko zito mkononi: katika Kumbukumbu la Torati sura ya 4, Musa anawakumbusha Israeli kwamba kule Horebu walisikia sauti lakini umbo lolote hawakuliona, kwa hiyo wasijichongee sanamu. Amri hiyo naipokea kwa uzito wake wote. Lakini endelea na sura hiyo hiyo aya chache mbele, utamkuta Musa akimwita Mungu moto ulao. Aliyetoka kukataza umbo sasa anawasha moto mbele ya macho ya msikilizaji. Kumbe neno nalo huchora. Mwamba, ngome, mchungaji: zote ni picha, ila zimechongwa kwa ulimi badala ya patasi. Na neno nalo huweza kufukiziwa uvumba. Rafiki za Ayubu walisema juu ya Mungu mambo ambayo mengi yangepita vizuri mimbarani hata leo, lakini mwishoni Mungu anawakasirikia kwa kuwa hawakunena yaliyo sawa juu yake. Walijenga ukuta kwa maneno mazuri, wakamwacha mtu aliaye upande wa pili.

Pingamizi la upande mwingine ni gumu zaidi: kama yote mawili yaweza kugeuka sanamu, si afadhali kunyamaza mbele ya Mungu aliye mkuu kuliko lugha zote? Ukuu huo ni kweli. Ila hoja hii inadhani sisi ndio tunaomfuata juu kwa ngazi ya maneno, ilhali Injili inasema yeye ndiye aliyeshuka. Tazama kilichokipata Kiswahili katika sura ya kwanza ya Yohana. “Neno” ni la ngeli ya li-ya. Sarufi inadai “nalo” na “lilikuwa”. Tafsiri ya Union Version ya 1952 inaandika “naye” na “alikuwa”, kama inavyomtaja mtu. Watafsiri hawakukosea. Walijua kwamba Neno hili lina mikono, litachoka safarini na kuketi kisimani kuomba maji. Sarufi ikajikunja, ikabeba. Kiambishi “a” ni kidogo mno kwa Mungu, lakini anayekisikia hadanganywi: anaambiwa hakika kwamba Neno ni nafsi.

Paulo aliwaambia Wakorintho kwamba kwa sasa tunaona kwa kioo, kama kwa fumbo. Vioo vya siku zile aghalabu vilikuwa shaba iliyosuguliwa. Uso ulioonekana humo ulikuwa hafifu, lakini ulikuwa uso wako, si wa jirani. Uhafifu si uongo. Kosa huanza pale mtu anapoacha kuutafuta uso na kuipenda shaba, na shaba ya namna hiyo Hezekia alifanya vema kuivunja.

Mtu atasema: nyoka yule hakuwa picha ya Mungu hata kidogo. Ni kweli, na hapo ndipo utajiri wa somo ulipo. Alikuwa picha ya kile kilichokuwa kikiwaua. Mungu alikitwaa kilichoua, akakiinua, akakifanya mahali pa kutazama na kupona. Hivyo picha ya mauti ikasema ukweli juu ya Mungu ambao shaba yenyewe isingeujua. Hezekia aliivunja shaba, lakini ukweli ule haukuvunjika nayo, na Yesu aliutwaa bila kuhitaji hata kipande.

Nikodemo aliyapokea maneno hayo gizani, akiwa ameshauliza mambo haya yawezaje kuwa. Yohana hasemi kama usiku ule alielewa. Anamtaja tena penye mazishi, Yesu akiisha kuinuliwa msalabani na kushushwa: Nikodemo anakuja amechukua manemane na udi, kiasi cha ratli mia, kwa ajili ya mwili.