Nani Alipe Gharama ya Fedha Inayotumwa?

Ndugu mmoja aliyeingia katika Uislamu si zamani ametuletea swali ambalo kwa sura yake ni dogo sana, hata mwenyewe aliomba radhi kwa kulileta. Lakini nilipolisoma mara ya pili niliona kwamba ndani yake mna jambo la imani, nami nataka tulitazame pamoja, ndugu msomaji, pasipo haraka.

Ndugu huyo hukusanya stempu. Si mfanyi biashara. Anayo kazi yake nyingine, na stempu ni mapenzi yake tangu utoto. Anazo nyingi zile za Kenya, Uganda na Tanganyika, zilizoanza kutolewa kwa majina ya nchi hizo tatu mwaka 1935, zenye sura za wafalme wa Kiingereza. Rafiki yake wa zamani, Mkristo waliyesoma naye shule moja, akaaye sasa mji mwingine, naye ni mkusanyaji, akataka seti moja. Wakapatana kwa simu shilingi 40,000, na muuzaji akaahidi kuipeleka kwa posta kwa bei ile ile. Mnunuzi akatuma shilingi 40,000 kwa simu, na ada ya kutuma akailipa yeye, mbali na hizo. Muuzaji alipokwenda kwa wakala kuzichukua alikatwa ada ya kutolea, karibu shilingi 2,000. Akamwandikia rafiki yake: "Hukuweka ya kutolea. Niongezee, ndipo nitume stempu." Yule akajibu kwamba walipatana 40,000, naye ametuma 40,000. Maneno yakazidi baina yao, mpaka rafiki akaandika: "Je, hiyo ndiyo dini uliyoingia?"

Neno hilo lilimchoma ndugu yetu, ndipo akatuandikia.

Mtu aweza kusema: dini ina habari gani na ada ya simu? Mambo haya ni mapya. Huduma ya M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007, ikafika Tanzania mwaka 2008. Wapi Bwana Mtume s.a.w. alisema juu yake? Nasema, simu ni mpya, lakini gharama ya kumfikishia muuzaji thamani yake si mpya hata kidogo. Zamani za Mtume Mtukufu s.a.w. fedha ilikuwa fedha hasa, yaani madini, na mara nyingi ilipimwa kwa mizani wala haikuhesabiwa tu. Na kupima kulikuwa kazi ya watu maalumu, ambao walitaka ujira. Basi swali la nani amlipe mpimaji lilikuwapo sokoni miaka 1,400 iliyopita.

Imepokewa kwa Suwaid bin Qais r.a., katika Hadithi waliyoiandika Abu Daud na Tirmidhi na wengineo, kwamba yeye na mwenzake walileta nguo kutoka Hajar mpaka Makka. Mtume s.a.w. akawajia akitembea kwa miguu, akapatana nao bei ya suruali. Pale palikuwa na mtu apimaye kwa ujira. Mtume s.a.w., ambaye ndiye mnunuzi, akamwamuru mtu huyo apime thamani, na mizani aielemeze upande wa muuzaji. Tazama, ndugu msomaji. Mnunuzi hakungoja muuzaji alalamike kwamba imepungua. Mwenyewe alisimamia kupimwa kwa kile anachodaiwa, akazidisha.

Ni vivyo hivyo katika kisa cha Jabir r.a. kilichomo katika Bukhari na Muslim. Walikuwa wakirudi safarini, na ngamia wa Jabir amechoka. Mtume s.a.w. akamnunua kwa wakia moja, na Jabir akashurutisha kwamba atampanda mpaka afike kwake. Sharti hilo lilisemwa pale pale njiani, kabla ya bei kufungwa, nalo likakubaliwa bila kinyongo. Walipofika Madina, Bilal r.a. aliamriwa ampimie Jabir thamani yake, akapima na kuongeza. Kisha Jabir alipogeuka kwenda zake aliitwa, akarudishiwa na ngamia pia! Lakini hilo la mwisho ni ukarimu, wala hatuwezi kulidai kwa mtu yeyote. Kwa swali letu latosha kushika mambo mawili: aliyepima thamani alikuwa mtu wa mnunuzi, na sharti la muuzaji lilitajwa mapema.

Juu ya misingi ya namna hii wanazuoni walijenga hukumu zao. Katika kitabu Al-Hidaya cha Burhanuddin Al-Marghinani, aliyefariki mwaka 1197, mmeelezwa kwamba ujira wa mtu apimaye bidhaa ni juu ya muuzaji, kwa kuwa kukabidhi bidhaa ni wajibu wake; na ujira wa mtu apimaye thamani ni juu ya mnunuzi, kwa kuwa kukabidhi thamani ni wajibu wake. Dola ya Uthmaniya ilipoandika sheria zake za mapatano katika kitabu kiitwacho Majalla, baina ya mwaka 1869 na 1876, iliweka kanuni hiyo hiyo. Kila mmoja hubeba gharama ya kutimiza lile lililo juu yake. Sijui kama pana kanuni iliyo nyepesi kufahamika kuliko hii.

Kwa hiyo ada ya kutuma haina ubishi: ni ya mnunuzi, isipokuwa wamepatana vingine. Anayedaiwa 40,000 hatimizi deni kwa kutuma 39,000 na kusema kwamba zilizobaki zimeliwa njiani.

Lakini ada ya kutolea je? Hapa twahitaji uangalifu, na nakiri kwamba hata wale wa zamani hawakuwa na neno moja. Kulikuwa na fundi wa namna nyingine, mkaguzi wa sarafu, aliyetambua fedha njema na mbovu. Kutoka kwa Imam Muhammad Ash-Shaibani zimepokewa kauli mbili juu ya ujira wake. Kwa kauli moja ni juu ya mnunuzi, kwa sababu ni wajibu wake kutoa fedha iliyo njema. Kwa kauli nyingine ni juu ya muuzaji, kwa sababu ukaguzi hufanyika baada ya fedha kukabidhiwa, nao ni kwa faida yake.

Mimi naona ada ya kutolea inafanana na hii kauli ya pili. Fedha ilipoingia katika simu ya muuzaji, ilikwisha kuwa yake. Angeweza kuiacha humo, au kununulia umeme, au kumtumia mkewe, au kulipia dukani. Kuigeuza iwe noti mkononi ni shauri lake mwenyewe baada ya kukabidhiwa. Mnunuzi atawezaje kulipia jambo ambalo hakuwa na amri juu yake, na ambalo huenda lisingefanyika?

Hata hivyo ndugu yetu ametoa hoja moja yenye nguvu, nami sipendi kuipita. Amesema kwamba kwetu ni desturi mtu kuweka na ya kutolea, na desturi ni kama sharti. Naam, Majalla yenyewe yasema kwamba lililo mazoea huhesabiwa kama lililoshurutishwa. Lakini desturi ya namna hiyo ni ile ambayo hakuna haja ya kuitaja, kwa kuwa kila mtu aijua na kuifuata. Je, hili ni hivyo? Sikiliza watu wazungumzavyo kila siku: "Usisahau ya kutolea," "Weka na ya kutolea." Mbona wahitaji kukumbushana kila mara? Kule kukumbushana ni ushahidi kwamba jambo halijawa kanuni. Mtu amtumiaye mama yake kijijini huongeza ya kutolea kwa kuwa ampa zawadi, na zawadi yapendeza ifike nzima. Mauzo ni mlango mwingine.

Nisieleweke vibaya. Si haramu muuzaji kutaka ya kutolea. Mwenyezi Mungu katika Sura An-Nisa, aya ya 30 (sisi twaihesabu Bismillahi kuwa aya ya kwanza, wenye kuanzia baada yake watasema 29), amekataza watu wasiliane mali kwa batili, akaruhusu biashara iliyo ya kuridhiana. Wakiridhiana kwamba mnunuzi alipe yote, ni halali. Wakigawana nusu kwa nusu, ni halali pia, na baina ya marafiki pengine ndiyo njia iliyo nzuri zaidi. Lakini kuridhiana kwa nini? Kwa kile kilichosemwa. Mtu hawezi kuridhia asilolisikia. Muuzaji aliyenyamaza juu ya ada wakati wa kupatana, kisha akaikumbuka baada ya kupokea fedha, ameongeza bei baada ya mapatano, hata kama nyongeza hiyo yaitwa kwa jina jingine.

Jambo hili lilidhihirika sana Tanzania mwaka 2021. Tarehe 15 Julai ilianza tozo ya serikali juu ya kutuma na kutoa fedha kwa simu, na mwezi Septemba ikapunguzwa kwa asilimia 30. Waliokuwa wamepatana Juni na kulipana Julai walikuta gharama imepanda ghafula. Wakati kama huo kila upande hutaka mwenziwe aubebe mzigo. Kanuni ile ile yatosha: ada ya nani ilikuwa, ongezeko lake ni la huyo huyo, nao wakitaka kusaidiana ni hisani.

Sasa nina ndugu wengine wanaosoma Kiswahili nao wakaa Ulaya na Marekani, na kwao shida yaja kwa sura nyingine, iliyo na hatari kubwa zaidi kwa roho. Huko wapenzi wa stempu, wa saa, wa kamera na wa kalamu za wino huuziana vitu kwa intaneti, na wengi hutumia PayPal. Kampuni hiyo ina milango miwili. Mmoja ni wa malipo ya bidhaa na huduma. Humo ada hukatwa kwa mpokeaji, na mnunuzi hupata ulinzi, yaani kitu kisipofika aweza kudai fedha yake. Mlango wa pili ni wa kutumiana jamaa na marafiki. Humo mara nyingi hakuna ada fedha ikitoka benki na kubaki ndani ya nchi, wala hakuna ulinzi wa mnunuzi.

Tufanye hesabu. Marekani, kwa miaka mingi mpaka 2021, ada ya kawaida ya mauzo ilikuwa asilimia 2.9 pamoja na senti 30. Aliyeuza kitu kwa dola 100 alipokea dola 96.80. Akitaka dola 100 kamili zifike mkononi, mnunuzi alipasa kutuma dola 103.30. Wengine huongeza zile dola 3.20 tu wakidhani wamemaliza, wakapungukiwa na senti tisa, kwa kuwa ada hukatwa juu ya nyongeza nayo. Wamegombana watu wazima kwa hizo senti tisa.

Basi wengi hukimbilia mlango wa pili. Muuzaji humwambia mnunuzi asiyepata kumwona hata siku moja: "Nitumie kama rafiki, tuepuke ada." Masharti ya kampuni hayaruhusu mlango huo utumike kwa mauzo, na wote wawili walikwisha yakubali masharti hayo walipojiandikisha. Mwenyezi Mungu amewaamuru waaminio katika Sura Al-Maida, aya ya 2, watimize mapatano yao, wala hakusema mapatano na jirani tu, au na Mwislamu tu. Kampuni kubwa pia ni upande wa mapatano. Mwenye kubonyeza neno "rafiki" huku moyoni ajua kwamba anauza ameandika uwongo, na uwongo ulioandikwa kwa kidole hauna udogo kuliko ule unaosemwa kwa ulimi. Tena uwongo huu wamwibia mnunuzi ngao yake. Kitu kikipotea posta, au muuzaji akiwa mlaghai, yule aliyeokoa dola tatu hupoteza mia.

Ninajua watakaojibu kwamba ada ni kubwa kupita kiasi. Huenda. Njia iliyo wazi ni kuihesabu ada kabla ya kutangaza bei, na kuandika bei moja iliyokamilika. Muuzaji aliyekubali masharti yanayomkataza kuitoza ada peke yake juu ya bei hakukatazwa kupanga bei yake mwanzoni. Uingereza, tangu tarehe 13 Januari 2018, sheria imewakataza wafanyi biashara kumwongezea mlaji malipo kwa sababu tu amelipa kwa kadi au kwa PayPal. Sheria hiyo haiwagusi watu wawili wauzianao vitu vyao binafsi, lakini mwendo wake ni mwema hata kwao: mnunuzi aione bei yote kabla hajasema ndiyo.

Narudi kwa ndugu yetu. Wewe ulitaja 40,000 na ukanyamaza. Rafiki yako alituma 40,000 na ada ya kutuma akailipa. Hana deni kwako. Zile 2,000 ni zako wewe kuzibeba, na wakati mwingine useme mapema. Lakini lililo zito zaidi katika barua yako wewe uliliandika kwa kupita tu: kwamba stempu bado unazo. Yaani umekwisha pokea bei, na mali ya mtu umeizuia mezani pako kwa wiki tatu sasa ili umshurutishe. Hukuniuliza juu ya hilo, nami nalijibu. Fedha ilipokufikia, stempu zile ziliacha kuwa zako. Rafiki yako aliuliza kama hiyo ndiyo dini uliyoingia, naye bado angoja jibu. Usimwandikie hoja, wala usimpelekee gazeti hili. Zipeleke stempu posta kesho asubuhi, na malipo ya posta uyatoe wewe kama ulivyoahidi.