Mashine Kuukuu ni Urithi wa Nani?

Tunapotaja utamaduni wa taifa, mawazo yetu hukimbilia ngoma, ushairi, vinyago na mavazi. Ni nadra mtu kuutaja msumeno. Na akiutaja, huenda akakusudia ule wa mkono alioachiwa na babu yake, wala si mashine ya chuma iliyofika bandarini kutoka ng'ambo. Hata hivyo, utamaduni ni pamoja na njia zote ambazo watu wamezitumia kujipatia riziki, kutatua shida zao na kufundishana kazi. Ikiwa maana hiyo ni sahihi, basi yatupasa tujiulize: mashine kuukuu ya useremala, iliyoundwa na watu wengine katika nchi nyingine, lakini ikatumiwa na kutengenezwa na mafundi wetu kwa miaka mingi, ni urithi wa nani?

Swali hili si la kupitishia wakati barazani. Huko Kibaha na Kisarawe, kama kwingineko nchini, chuma chakavu kina soko. Mashine iliyolala katika pembe ya karakana hupimwa kwa kilo, huvunjwa kwa nyundo na kupelekwa tanuruni. Kazi hiyo humalizika asubuhi moja, lakini ujuzi unaopotea pamoja na chuma hicho ulichukua umri wa watu kupatikana. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 iliona mbali ilipoulinda mlango wa mbao uliochongwa Tanganyika kabla ya mwaka 1940 kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki. Ni jambo jema. Lakini taifa linalotunza mlango na kusahau karakana hutunza nusu ya urithi wake.

Ili tujibu swali letu, hatuna budi kwanza kujua mashine hizi zilizaliwa kwa kusudi gani. Mwingereza Samuel Bentham alipata hati za uvumbuzi wa mashine za kuranda na kukata mbao katika miaka ya 1791 na 1793. Muda mfupi baadaye, katika karakana za jeshi la majini huko Portsmouth, Marc Brunel na Henry Maudslay waliunda mashine za kutengenezea kapi za merikebu. Ilipofika mwaka 1808, watu 10 wasio na ufundi waliweza kufanya kazi iliyohitaji mafundi 110, na kapi kiasi cha 130,000 zilitoka kwa mwaka. Kusudi basi ni dhahiri: ujuzi ulitolewa mikononi mwa fundi ukatiwa ndani ya chuma, ili fundi asihitajiwe tena.

Katika nchi yetu mambo yaligeuka. Mashine iliyoundwa ili impunguze fundi haikuweza kuishi hapa bila fundi. Katika miaka ya mwisho ya 1970 na mwanzo wa 1980, baada ya bei ya mafuta kupanda na baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, fedha za kigeni zilikuwa adimu, na vipuri vikawa adimu kama fedha yenyewe. Mwenye mashine iliyovunjika hakuwa na njia ila kwenda kwa mtu mwenye akili na moto. Bahati njema, mashine nyingi za zamani hazikuwa na beringi za gololi. Mhimili wake ulizunguka katika madini laini ya bati, antimoni na shaba, ambayo Mmarekani Isaac Babbitt aliyavumbua mwaka 1839. Madini hayo yakichakaa huyeyushwa na kumiminwa upya. Kila aliyeyamimina aliacha mkono wake ndani ya mashine, ijapokuwa jina lake halikuandikwa popote.

Hapa ndipo penye kiini cha hoja yetu. Tuchukulie kwamba kuna msumeno wa mkanda katika karakana moja ya Kisarawe. Kibandiko cha kiwanda kimeng'oka, gurudumu la mkanda wa injini limechongwa kwa mninga badala ya lile la chuma lililopasuka, na kifuniko ni bati la pipa la mafuta. Anakuja mtu mwenye nia njema, ametafuta vitabu vya kiwanda kilichouunda, naye anataka kuurudisha kama ulivyotoka huko siku ya kwanza. Anatupa gurudumu la mninga, anatupa bati, anapaka rangi mpya. Je, amefufua nini? Tunathubutu kusema kwamba amekifufua kiwanda cha ng'ambo na kumzika fundi wa Kisarawe.

Kwa hiyo utafiti wa mashine hauishii katika kusoma namba iliyo kwenye chuma. Yafaa kuuliza ni nani aliitumia, ilipasua mbao gani, ilivunjika lini na ilitengenezwa kwa nini. Wazee waliopasua magogo kwa msumeno wa watu wawili, mmoja juu ya gogo na mwenzake chini, wanaweza kueleza mashine ilipofika ilibadili nini katika ujira na katika heshima ya kazi. Hayo hayamo katika kitabu cha kiwanda chochote.

Wako watakaosema kwamba kitu cha kigeni hakiwi chetu kwa kukirekebisha. Kibaha yenyewe yawajibu. Kituo kilichoanzishwa mwaka 1963 kwa msaada wa mataifa ya Nordiki kilikabidhiwa kwa serikali yetu mwaka 1970, na leo hakuna anayeliita Shirika la Elimu Kibaha jambo la wageni. Kitu huwa chetu kwa kukitumikia na kukibebea dhamana.

Wengine watasema, na kwa haki, kwamba seremala mwenye watoto hali utamaduni. Akipewa bei ya chuma, atauza. Hatumlaumu. Urithi unaomwachia mtu mmoja gharama zote ni dhuluma. Ndiyo maana mashine iliyofufuliwa haina budi kufanya kazi na kulisha watu, na vyuo vya maendeleo ya wananchi, vilivyoanza mwaka 1975, vina nafasi ya kuwafundisha vijana kuzitengeneza na kuandika habari zake.

Lakini heshima kwa kitu isipite heshima kwa mtu. Randa za zamani zilikuwa na kichwa cha visu cha mraba, kilichokata vidole vya watu wengi kabla ya kile cha mviringo kushika mahali pake. Anayeurudisha mraba ule kwa ajili ya uhalisi anakosea. Kiwekwe ukutani, kiandikiwe maelezo, na kazi ifanywe kwa kilicho salama. Vivyo hivyo gurudumu la mninga likipata ufa. Wala mashine inayolishwa magogo ya wizi kutoka misitu ya Pugu na Kazimzumbwi haiwezi kuitwa urithi, hata iwe na umri gani.

Wahenga walituasa tusiache mbachao kwa msala upitao. Mbachao wetu una viraka, na viraka hivyo ndivyo vinavyouonyesha kuwa ni wetu. Mashine kuukuu ni ya aliyeivumbua, ni ya aliyeitengeneza, na ni ya kijana atakayeiwasha kesho. Anayeifufua ana wajibu kwa wote watatu. Lakini yule wa kati ndiye asiyeandikwa, na kwa sababu hiyo ndiye wa kuanza naye.