Jike Hana Kosa

Wanangu mnaofuga sungura, sogeeni tuzungumze. Miaka nenda rudi nasikia kesi ileile. Dume mweusi tii, jike mweusi tii. Siku ya 31 baada ya kupandisha, au karibu na hapo, mtu anafunua manyoya ya kiota kwa kidole, anakuta watoto saba wangali uchi, watano wenye ngozi nyeusi na wawili wa waridi. Siku chache baadaye hao wawili wameota manyoya meupe pee. Basi zogo linaanza. Jirani anatuhumiwa kwamba dume lake limeruka ua, muuzaji anaitwa tapeli, na jike, asiyejua hili wala lile, anaishia kwenye sufuria.

Nawaelewa. Mtu akitoa fedha yake hapendi kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Ila hapa hakuna aliyewaibia. Sungura hurithi jeni kwa jozi, moja kwa baba na moja kwa mama, na ile ya weupe ikikaa pamoja na ya rangi, hunyamaza. Inaweza kunyamaza vizazi na vizazi. Wakikutana wawili wenye weupe uliojificha, kila mtoto ana nafasi moja kati ya nne ya kuupata pande zote mbili, naye ndiye anayetoka mweupe mwenye macho mekundu. Uzao mmoja utaleta watatu, mwingine hata mmoja hamna, na mwenye banda atajisifu kwamba ameusafisha ukoo. Hajasafisha kitu.

Haya si mapya. Mwanabiolojia William Castle aliyachapisha Marekani mwaka 1905. Hata wale Californian mnaowagombea, wenye pua, masikio, miguu na mkia mweusi, wana jeni iliyo ndugu na hiyo ya weupe. Weusi wao hutengenezwa palipo na baridi tu, ndiyo maana watoto hutoka kwenye joto la kiota wakiwa karibu weupe mwili mzima. Wapo wanaowauza kwa bei ya kutupa kabla masikio hayajakolea. Subira kidogo, jamani.

Kinachoniuma hasa ni madoa. Jeni moja ya madoa humpa sungura mwili mweupe, mstari mweusi mgongoni na alama ya kipepeo puani, na sokoni watu humzunguka. Mfugaji anawaza, tena bila ubaya wowote, kwamba akipandisha mwenye madoa kwa mwenye madoa atavuna zaidi. Kwa wastani anapata nusu wenye madoa, robo wa rangi moja, na robo waliorithi jeni hiyo pande zote mbili: weupe karibu wote, kidoa tu puani na rangi kidogo masikioni na machoni. Wengi wa hawa utumbo wao mpana umetanuka, hausukumi chakula. Wanakula na hawanenepi. Tumbo linajaa, mgongo unajikunja, wanasaga meno kwa maumivu huku majani mabichi yako mbele yao, na mfugaji anabadilisha dawa baada ya dawa akidhani ni uchafu wa banda.

Nao wale wa rangi moja, mnaowachinja mapema kwa kuwaona hawana soko, ndio mliokuwa mkiwahitaji. Mpandisheni mwenye madoa na mwenza wa rangi moja wa ukoo mwingine: nusu ya watoto watakuwa na madoa, na hakuna atakayerithi jeni hiyo mara mbili. Nusu ni ileile mliyokuwa mkiipata. Kilichopungua ni wagonjwa.

Wekeni daftari bandani, kalamu ifungwe kwa uzi isipotee. Andikeni nani kapandishwa na nani, tarehe, na rangi ya kila mtoto, pamoja na waliokufa. Ukienda kununua dume, usiishie kumgeuzageuza mkononi. Muulize mwenye naye wazazi walikuwa rangi gani, na ndugu zake walitoka vipi. Anayekufungulia daftari, mlipe bei ya mbegu. Asiyekumbuka, mpe bei ya nyama.