Madirisha Yaliyoelekea Yerusalemu

Soma Danieli 6:1-11. Adui za Danieli walikuwa na hakika na jambo gani kabla hawajamwekea mtego?

Amri ya Dario ilikuwa ya siku 30 tu. Danieli, mzee wa takriban miaka 80, angeweza kufunga madirisha na kuomba kimoyomoyo. Mungu husikia maombi ya namna hiyo pia. Nehemia aliomba hivyo mbele ya mfalme (Nehemia 2:4). Lakini Danieli alipiga magoti mara tatu kila siku, kama alivyozoea tangu zamani. Simba hawakumfundisha kuomba.

Tena fungu la 10 linataja shukrani. Ombi la msaada linafuata katika fungu la 11. Na alishukuru akielekea mji ambao hekalu lake lilikuwa magofu tangu Wababeli walipoliteketeza mwaka 586 K.K., akishikilia lile ombi la Sulemani kwa ajili ya mateka (1 Wafalme 8:46-50).

Wale watu walijua mahali na saa ya kumkuta. Mtu akitaka kukukuta ukiomba juma hili, aje saa ngapi?