Dharra, Mdudu na Mizani

Katika Sura ya Zilzala imetajwa kuwa hata jambo lenye uzito wa dharra halitapotea mbele ya Mwenyezi Mungu. Baadhi ya wafasiri wa zamani walisema dharra ni sisimizi mdogo. Waarabu wa leo huiita kwa neno hilo hilo ile chembe ya asili ichunguzwayo na wanafizikia. Basi twauliza: kumchungua mdudu, chembe na mali, je, ni wajibu wa Mwislamu, au ni mambo ya dunia yasiyotuhusu?

Wasemao hayatuhusu na waitazame Huruma, mtaa wa mashariki mwa Nairobi. Mpangaji wa huko hana shamba. Unga wake hutoka dukani. Funza wakiyapekecha mahindi mashambani na bei ikapanda, taabu humfikia upesi. Si mbali na hapo, Kasarani, kipo kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE, alichokiasisi Profesa Thomas Odhiambo mwaka 1970. Wataalamu wake, pamoja na wenzao wa Kenya na Uingereza, waliwafunza wakulima kupanda desmodiamu kati ya mistari ya mahindi na nyasi za nepia pembezoni. Harufu ya desmodiamu humfukuza nondo mzazi wa funza, na nepia humvuta nje. Tena mizizi ya desmodiamu hukizuia kiduha. Nani atasema elimu hii haina thawabu?

Ama mali, M-Pesa ilianza mwaka 2007. Wachumi Tavneet Suri na William Jack walizifuatilia nyumba za Kenya kwa miaka, na mwaka 2016 wakakadiria kuwa huduma hiyo imezitoa katika umasikini nyumba 194,000. Lakini kwa simu hiyo hiyo huja pia mikopo yenye riba. Nani atayapima madhara yake, ikiwa sisi tuliokatazwa riba hatukujifunza kuyahesabu?

Na chembe, je? Mwaka 2011 wanafizikia wa jopo la OPERA nchini Italia walipima chembe zilizotumwa kutoka CERN, Geneva, zikaonekana kuishinda nuru kwa mwendo. Hawakujivuna, bali waliwaomba wenzao wawatafutie kosa. Mwaka 2012 ikabainika kuwa waya mmoja haukukazwa vyema, nao wakalitangaza hilo hadharani. Ndugu msomaji, adabu hii si ngeni kwetu. Ali bin al-Madini, imamu wa Hadithi, alipoulizwa habari za baba yake mzazi, alimtaja kuwa ni mpokezi dhaifu, kwani dini haina upendeleo.

Imamu Ghazali katika Ihyaa aliihesabu tiba na hisabu kuwa fardhi kifaya, akawalaumu watu waliosongamana katika fikihi hata miji ikakosa tabibu Mwislamu. Fardhi hiyo wakiitimiza baadhi, wengine husalimika. Wakiiacha wote, wote hupata dhambi. Kufaidika na utafiti wa wengine si haramu. Kuridhika daima kuwa wapokeaji ndiyo aibu.

Basi madrasa zetu na ziipe hesabu saa yake, na sadaka zetu zimlipie karo binti wa Huruma au wa Lamu apendaye kuuliza kwa nini. Wabillahi tawfiq.