Asiyejibu Si Asiyekuwapo

Katika mambo yanayotupasa kuyafikiri kwa utulivu kabla hayajatufika mlangoni ni hili: mtu aliyeumia kichwani akapotewa na fahamu, akawa hasemi wala haitiki, ana haki gani kwetu? Je, tumhesabu kuwa yungali pamoja nasi, au tumhesabu kuwa amekwisha kwenda zake, na kiwiliwili kimebaki kama nyumba iliyohamwa? Swali hili si la wanafalsafa peke yao. Kwa jawabu lake mtu huhudumiwa au huachwa, husemeshwa au husengenywa mbele ya kitanda chake.

Msomaji wa Mombasa, Lamu au Unguja huenda akaona jambo hili liko mbali naye. Lakini ni vijana wangapi wa pwani waliokwenda Nairobi kutafuta riziki? Na Waislamu wa Kibera si wageni kwetu. Wanubi, ambao wazee wao walikuwa askari wa King's African Rifles, walipewa makao katika msitu ule mwanzoni mwa karne ya 20, na jina lenyewe la Kibera latokana na neno lao la msitu. Leo Kibera, na Kawangware iliyo upande wa magharibi wa mji, ni mitaa ya watu wa kila kabila na kila dini. Wako wanaoamka alfajiri kwenda kubeba mawe na saruji katika majumba yanayojengwa, na wako vijana wanaoendesha bodaboda tangu asubuhi hata usiku. Mmoja huanguka kutoka juu ya jengo, mwengine huanguka kutoka juu ya pikipiki bila ya kofia ngumu. Na katika siku za fujo za siasa, kama zilivyokuwa mwaka 2007 na 2008, na tena mwaka 2017, huongezeka rungu, jiwe na risasi.

Tuchukue mfano wa kijana mmoja wa bodaboda. Amegongwa, amechukuliwa hospitali, matabibu wamempasua na kuiokoa roho yake kwa idhini ya Mungu. Baada ya siku kadhaa amefumbua macho, na jamaa wakapiga vigelegele. Lakini macho yale hayamtazami mtu. Wiki zimepita, kitanda kimetakiwa kwa mgonjwa mwengine, naye amerejeshwa nyumbani, katika chumba cha futi 10 kwa 10, na mpira wa kulishia puani, na mama yake ndiye muuguzi. Hapo ndipo majirani waanzapo kunong'ona: "Huyu hayupo tena." Na baadhi yao hawanong'oni, husema kwa sauti, yeye amelala pale pale.

Basi tuulize kwanza: je, neno hili lina hakika?

Ilimu ya leo yatufunza kuwa kukesha ni jambo moja na kufahamu ni jambo jengine. Shina la ubongo ndilo liamshalo na kulaza, ndilo liendeshalo pumzi. Na tabaka za juu za ubongo, zikishirikiana na sehemu za ndani, ndizo za kutambua na kufikiri. Kwa hivyo waliopotewa na fahamu hawako katika daraja moja. Wa kwanza ni aliye katika koma: macho yamefumba, haamki kwa kuitwa wala kwa maumivu. Wa pili hufumbua macho, hulala na kuamka, lakini haonyeshi dalili ya kujijua wala ya kuwajua walio mbele yake. Wa tatu ana fahamu haba, nayo huja na kuondoka: saa hii hufuata uso kwa macho, au huminya mkono akiambiwa, na saa ya pili hana hata moja. Na yuko wa nne ambaye akili yake ni timamu kabisa, ila mwili wote umefungwa, hana analoweza kulitikisa isipokuwa kope au mboni. Atazamaye kwa haraka huwaona wote hawa kuwa ni kitu kimoja, na kumbe baina yao mna bahari.

Wala si majirani tu wanaokosea. Mwaka 2009 wataalamu wa Ubelgiji walitoa khabari ya wagonjwa 44 ambao matabibu wao walikubaliana kuwa hawana fahamu kabisa. Walipopimwa kwa kipimo kilichopangwa vizuri, 18 kati yao walionekana kuwa wana fahamu haba. Mwaka 2006 Adrian Owen na wenziwe wa Uingereza walimweka katika mashine ya kupiga picha za ubongo mwanamke wa miaka 23 aliyeumia katika ajali ya gari, ambaye alikuwa haonyeshi dalili yoyote. Walimwambia afikiri kuwa anacheza tenisi, kisha afikiri kuwa anatembea vyumbani mwa nyumba yake. Ubongo wake ulifanya kazi pale pale unapofanya kazi ubongo wa mtu mzima wa afya. Alikuwa akisikia, akifahamu na kutii, na hapana jicho la mtu lililomwona. Na mwaka 2024 ulitangazwa uchunguzi wa nchi kadhaa: katika wagonjwa 241 walioambiwa watende jambo wasionyeshe kitendo chochote, 60, yaani mmoja katika kila wanne, walionekana kwa mashine kuwa wanalitekeleza ndani ya ubongo wao.

Hatusemi kuwa kila aliyelala kimya anasikia. Hao wengine hawakuonyesha dalili hata kwa mashine. Wala hatusemi kuwa kila mwenye fahamu haba atasimama. Kumuahidi mama jambo ambalo hatulijui ni kumdhulumu mara ya pili. Tunalosema ni kuwa kimya cha mgonjwa si ushahidi wa kutokuwapo kwake, na asiye na hakika hana ruhusa ya kuhukumu.

Pengine mtu atasema: "Akili ndiyo heshima ya mwanaadamu. Ikiondoka akili, imebaki nini cha kuheshimiwa?" Jawabu ni kuwa sheria imemwondolea taklifu aliyelala, mtoto mchanga na aliyepotewa na akili, imewaondolea wao wajibu, haikutuondolea sisi wajibu wetu kwao. Aliyezimia hatakiwi sala akiwa katika hali ile, lakini mali yake ni mali yake, mkewe ni mkewe, na urithi wake haugawanywi. Zaidi ya hayo, hata maiti ana haki zake: huoshwa kwa upole, hufunikwa utupu wake, na ni haramu kuuvunja mfupa wake. Ikiwa maiti, ambaye hapana shaka ya kufa kwake, anazo hishima hizi, seuze mtu ambaye kifua chake chapanda na kushuka?

Mwengine atasema: "Hiyo ni kazi ya majini," akaitisha makombe na kuwacha kumpeleka mgonjwa kwa matabibu. Dua ni jambo jema, lakini mfupa wa kichwa uliovunjika na damu iliyoganda juu ya ubongo si jini, na saa zinazopotea katika kupunga hazirudi.

Wa tatu ana neno zito zaidi, nalo ni la gharama. Maskini wa Kibera auze nini? Wengi katika wanavyuoni hawakuyafanya matibabu kuwa faradhi katika kila hali, khasa pale ambapo hapana tamaa ya kupona. Familia haipati dhambi kwa kuwa haikuuza kiwanja cha mayatima ili kununua mwezi mmoja wa mashine. Lakini tutafautishe baina ya kushindwa na kupuuza. Maji, chakula, usafi na kauli njema si mashine za bei kubwa.

Na tusichanganye mambo haya na kufa kwa ubongo, ambapo ubongo wote pamoja na shina lake umekoma bila ya kurejea, na pumzi ni ya mashine tu. Mwezi wa Juni 2025 mchuuzi mmoja wa barakoa alipigwa risasi ya kichwa katikati ya mji wa Nairobi. Alilazwa Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, jamaa zake wakaambiwa kuwa ubongo umekufa, na tarehe 30 kifo chake kikatangazwa. Katika hali kama hii wanavyuoni wamekwisha sema. Baraza la Fiqhi la nchi za Kiislamu lililokutana Amman mwaka 1986 lilikihesabu kufa kwa ubongo, kikithibitishwa na matabibu mahodari, kuwa ni mauti. Na Baraza la Makka mwaka 1987 liliruhusu mashine iondolewe, lakini likasema hukumu ya maiti isipite mpaka moyo na pumzi visimame. Mabaraza yote mawili yaliruhusu kuondoa mashine. Lakini ruhusa hiyo ni ya hali hiyo tu, tena kwa kauli ya tabibu. Haimwingii kijana wetu anayepumua mwenyewe chumbani kwa mama yake.

Basi yatupasaje kufanya? Kwanza, tumsemeshe kwa jina lake, tumwambie ni nani aliyeingia na ni saa ngapi. Tusitaje urithi, posa ya mkewe wala deni mbele ya masikio yake. Pili, tumchunguze kwa subira, si mara moja bali siku nyingi na saa mbali mbali. Kioo cha mkono kinatosha kuanzia: imeonekana kuwa mwenye fahamu haba huufuata uso wake mwenyewe katika kioo zaidi kuliko anavyofuata kitu chengine. Macho yakifuata, iandikwe siku na saa, apelekewe khabari tabibu. Tatu, ageuzwe ubavu kila baada ya saa mbili ili asipate vidonda vya kulala, na asafishwe kinywa. Nne, na hili ndilo letu sote, mama asiachwe peke yake. Jirani kushika zamu ya usiku mmoja ili yeye alale ni sadaka isiyohitaji fedha; na wenye fedha za zaka na sadaka wakumbuke kuwa fukara huyu hana hata ulimi wa kuomba.

Ndugu msomaji, mwenye kudai haki yake kwa sauti ni wepesi kumpa, kwani twaogopa kulaumiwa. Aliyelala kimya hatatulaumu wala hatatushukuru, na kwa hivyo kwake yeye ndiko inakojulikana kama twatenda kwa ajili ya haki au kwa ajili ya kusifiwa.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu na awape nguvu wanaowauguza. Wallahu aalam.