Majirani Ambao Hatukuwachagua

Mkristo wa Dar es Salaam ana uhuru ambao baba yangu, mkulima wa Peramiho, hakuuota: anachagua pa kusali. Kwetu kanisa lilikuwa moja, la abasia, na kengele yake ilisikika hadi mashambani. Usipokwenda, kijiji kizima kilijua. Ukienda, hakuna aliyekusifu. Hapa mjini unaweza kulala Tabata ukasali Posta, katika Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu ambalo Wabenediktini wa Kijerumani walianza kulijenga 1897 wakalimaliza 1902, kwa sababu tu unapenda kwaya ya pale na upepo wa bandarini. Unaweza kuihama parokia yako kwa kuwa paroko mpya anahubiri dakika arobaini. Nawajua watu wanaowahi misa ya kwanza kwetu, saa nne wako kwenye ukumbi wa walokole Sinza, na Ijumaa usiku wanakesha kwingine kabisa. Siwacheki. Mtu aliyesota wiki nzima kwenye foleni ya Barabara ya Mandela ana haki ya kusikia neno la kumwinua, na kama padri wa mtaani kwake hawezi kulisema, atakwenda linakosemwa.

Ninachobishana nacho ni kitu kingine. Kijana mmoja mfanyakazi wa benki, mpangaji wa jirani yangu, alinikuta dukani akaniamkia vizuri, nami nikamuuliza mbona simwoni jumuiya. Akasema: "Mwalimu, Jumapili mimi sikosi. Ila jumuiya, kwa kweli, wale watu sina cha kuongea nao." Hakusema kwa dharau, alieleza hali ilivyo. Kila nikilifikiria jibu lake naona ametaja, bila kukusudia, sababu yenyewe ya kwenda.

Kwa wasomaji wasio Wakatoliki, nieleze kidogo. Jumuiya ndogondogo ni familia kumi, kumi na tano, pengine zaidi ya ishirini, zinazokaa karibu karibu. Hukutana Jumamosi asubuhi, kwetu saa kumi na mbili na nusu, nyumba kwa nyumba kwa zamu. Injili ya Jumapili inayofuata husomwa, watu hunyamaza kidogo, kisha mwenye la kusema husema lilivyomgusa. Baadaye matangazo: nani anaumwa, nani kajifungua, nani kafiwa. Halafu michango. Kufika saa moja na nusu watu wametawanyika. Maaskofu wa kanda hii, kupitia umoja wao wa AMECEA, walikubaliana miaka ya 1970, na kwa uzito zaidi katika mkutano wa 1976, kwamba Kanisa lijengwe kuanzia huku chini. Jimbo letu wakati huo lilikuwa mikononi mwa Kardinali Laurean Rugambwa. Waliokua enzi za TANU hawakushangaa sana, maana walishamzoea balozi wa nyumba kumi.

La pekee katika mpango huu ni kwamba mahali unapolala ndipo panapoamua. Hakuna anayekuuliza unapenda watu wa namna gani. Mpaka wa jumuiya yetu ni mtaro wa maji machafu upande mmoja na ukuta wa gereji upande wa pili. Waliomo humo ndio ndugu zako. Humo nimo mimi, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, ambaye kwa sababu hiyo nilipewa ukatibu na daftari la mahudhurio. Yumo wakili mwenye nyumba ya ghorofa. Wamo fundi gereji, mama mwenye genge, mlinzi wa usiku, vijana wa bodaboda, mjane anayekodisha vyumba, na familia moja iliyonuniana na nyingine kwa miaka kwa ajili ya mwembe.

Nyumba zenye geti zina desturi yake. Baba na mama wamechoka, Jumamosi ndiyo siku yao ya kulala, basi humtuma dada wa kazi akawakilishe. Anakuja na bahasha ya mchango na salamu za wakubwa. Viongozi wenzangu hukasirika. Mimi naona hasara ni ya waliolala. Dada wa nyumbani kwa wakili, binti wa Kigoma, ndiye msomaji wetu bora: anasoma polepole, akifika kwenye jina gumu halirukii, na akimaliza hatazami chini. Siku tuliposoma ile Injili ya vibarua wa shamba la mizabibu, ambapo walioajiriwa saa kumi na moja jioni walilipwa sawa na walioanza alfajiri, wengi wetu tulisema yale yanayosemwa siku zote kuhusu ukarimu wa Mungu. Yeye akasema kwamba aliyekaa kijiweni tangu asubuhi bila kuitwa na mtu ndiye aliyechoka zaidi. Nimesikia mahubiri mengi juu ya mfano huo, ya mapadri na ya maaskofu, na hilo sikuwahi kulisikia. Wakili siku hiyo alikuja mwenyewe. Sidhani kama alikuwa amewahi kumsikia binti yule akisema sentensi mbili mfululizo.

Zamu ilipofika kwa kijana wa bodaboda, tulikuta chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia. Kitanda huku, jiko la gesi na ndoo za maji kule. Viti alikuwa ameazima baa ya jirani, vile vya plastiki vyenye nembo ya bia, na havikutosha. Wakili akakaa kitandani, magoti yakikaribia kidevu, karibu na mto wa mwenyeji. Kutoka geti lake hadi mlango ule hazifiki hatua mia mbili, na alikuwa hajawahi kuingia chumba cha namna ile tangu ahamie Tabata. Mwenyeji naye hakuomba radhi kwa chumba chake, akatugawia chai ya rangi kwa vikombe vichache vilivyozungushwa. Hakuna muujiza uliotokea. Ila wiki iliyofuata kijana alipokamatwa na pikipiki yake kwa kosa lisiloeleweka, alijua ampigie nani simu, na simu ikapokelewa.

Kanisa ulilolichagua kwa ladha yako lina hatari moja: Mungu wa pale huanza kukubaliana nawe katika kila jambo. Anapenda muziki unaoupenda, anawachoka watu unaowachoka, anaona shida zako ndizo shida. Kati ya watu ambao hukuwachagua hilo haliwezekani. Amri ya kupenda imeandikwa kwa ajili ya watu ambao usingewaalika kwako. Wale ambao ningewaalika nawapenda tayari, na hainigharimu kitu.

Wala jambo hili si geni. Korintho ya Paulo ulikuwa mji wa biashara wenye bandari mbili, Kenkrea na Lekayo, mabaharia na wahamiaji wakipishana, na Kanisa lake lilikutana majumbani mwa watu kama letu. Soma sura ya kumi na moja ya barua ya kwanza uone kilichowashinda: wenye nafasi walikuwa wakianza kula bila kuwangoja wenzao, na wengine walibaki na njaa huku hao wamelewa. Paulo aliwakemea vikali, na hakuwashauri matajiri watafute kanisa lao na maskini lao. Aliwaambia wangojane.

Na hapa kalamu yangu inageukia kwetu sisi viongozi. Saa kumi na mbili na nusu Jumamosi ilichaguliwa na nani? Na watu wa ofisini. Mama mwenye genge saa hiyo yuko soko la Buguruni anagombania tenga la nyanya. Bodaboda wana abiria wao wazuri. Kwenye daftari wote hao ni watoro, na mwisho wa mwaka majina yao husomwa mbele ya watu. Mimi, kwa ujeuri wa kialimu, niliongeza safu ya tatu: aliyefika, asiyefika, na aliye kazini. Mwenyekiti alisema haipo kwenye utaratibu wa parokia. Nikamwambia ni kweli, haipo.

Mlinzi wa usiku, yeye, huja moja kwa moja kutoka lindoni akiwa na sare, na Injili haijaisha ameshasinzia. Mama mmoja alitaka aamshwe, kwa heshima ya Neno. Nilimkumbusha Eutiko wa Troa, aliyekaa dirishani ghorofa ya tatu Paulo akihubiri hadi usiku wa manane. Akalala, akaanguka chini. Katika Matendo ya Mitume hakuna hata neno moja la kumlaumu kijana yule kwa kusinzia. Kinachosimuliwa ni kwamba Paulo alishuka akamkumbatia. (Kisha akapanda akaendelea kuongea hadi alfajiri, jambo ambalo mapadri wetu wasilichukue kama ruhusa.) Mlinzi wetu analala hadi leo, na tunamwamsha wakati wa sala ya Baba Yetu.

Sasa niseme linalonikera kuliko yote. Katika jiji letu zimeenea habari, na nyingine ni za kweli, za familia zinazokwenda kuomba mazishi zikaulizwa kwanza kadi ya jumuiya. Marehemu alihudhuria? Zaka yake je? Katika parokia moja, ambayo siitaji, nilimwona mama akipekua makaratasi ndani ya begi, kilio hakijakauka, akitafuta risiti ya michango ya mume aliyelala chumba cha maiti. Nawaelewa viongozi wa pale. Wamechoka kuitwa siku tatu tu katika maisha ya mtu: ubatizo, ndoa na jeneza. Lakini Sheria za Kanisa za 1983, kanuni ya 1184, zinawataja wanaonyimwa mazishi: walioasi imani waziwazi, waliochagua kuchomwa kwa nia ya kuipinga imani ya Kikristo, na wadhambi wa hadharani ambao mazishi yao yangekuwa kwazo kwa waamini. Hata hao, wakionyesha dalili yoyote ya toba kabla ya kufa, wanazikwa. Na pakiwa na shaka, anayeulizwa ni askofu. Mtoro wa Jumamosi hayumo. Mdaiwa wa mchango wa kukarabati ukumbi hayumo.

Mkoa huu ulikuwa na watu 4,364,541 katika sensa ya 2012. Ile ya 2022 ilihesabu 5,383,728. Milioni nzima imeongezeka, na wengi wao wameshuka kwenye basi hawana shangazi wala binamu wa kuwapokea. Mmoja wao alikuwa fundi wa friji, mpangaji wa yule mjane. Alifariki usiku, simu yake imefungwa kwa alama ya kidole, hakuna anayejua kwao ni wapi. Rozari ilikutwa imening'inia msumarini. Kwenye daftari langu jina lake halikuwepo. Tulipokutana jioni na mwenyekiti wa serikali ya mtaa, mtu mmoja aliuliza, na lilikuwa swali la haki kwa taratibu zetu, tunamzika kama nani? Mama mwenye genge akajibu: "Nyanya alikuwa ananunua kwangu. Basi ni wa kwetu." Yeye ndiye aliyejua kuwa alitoka Kibondo, kwa maneno ya pale gengeni tu, na kwa uzi huo ndugu walipatikana. Turubai lilitoka kwa familia ya Kiislamu ng'ambo ya mtaro, wali walipika wao na sisi pamoja, na katekista akaongoza sala.

Mwenye Biblia ya Kikatoliki asome kitabu cha Tobiti. Mtu huyu alikuwa mhamishwa katika mji mkubwa wa Ninawi, akaondoka mezani siku ya sikukuu, chakula hajakigusa, kwenda kuichukua maiti ya mtu wa taifa lake iliyotupwa sokoni, akaizika jua lilipokuchwa. Majirani walimcheka. Kadi hakumwuliza marehemu.

Sijifanyi kuwa jumuiya ni pepo. Kuna umbea. Kuna wanaosali kwa kumsema mwenzao mbele ya Mungu huku kasimama pale pale. Michango imezidi, hilo nimelisema kikaoni na nitalisema tena: ukarabati, seminari, sikukuu ya paroko, fulana za sikukuu ya paroko. Kijana wa benki akitaja hayo sina jibu. Lakini hakuyataja hayo.

Kwa hiyo makatibu na wenyeviti wenzangu nawaomba mambo mawili, na yote yako ndani ya uwezo wetu bila kungoja barua ya jimbo. Tutafute saa ya pili, Jumapili jioni kwa mfano, kwa ajili ya watu ambao Jumamosi ni siku ya kazi. Sisi tumeanza, na wanaokuja jioni ni wengi kuliko wa asubuhi. Na msiba ukitokea, daftari libaki kabatini mpaka marehemu azikwe.